Siku Dungu Lilipoelea

"Mgeni aje na mkalimani wake, mwenye nyumba habadili lugha." Mmeisikia leo sokoni, wajukuu zangu, mkanijia mbio mkidhani ni maneno ya kumfukuza mtu. Sivyo. Methali hii ilizaliwa kwa ugomvi, na ugomvi wenyewe ulianza hivi. Asiyeamini akauulize Mto Lwembe.

Kijijini kwetu kulikuwa na kituo cha tahadhari ya mafuriko. Mlinzi wa juu mtoni akiona maji yanapanda, husema redioni. Kituo kikisikia, hugongwa rimu ya lori, na watu wa mashamba ya mpunga hukimbilia mlimani. Mkuu wa kituo alikuwa Asumpta. Mama yake, Bi Skolastika, alishinda shambani juu ya dungu, jukwaa la miti, akifukuza ndege, kwa sauti kali hata ndege wa wilaya jirani walihama.

Redio za kituo hazikuwa kama hii yangu ya betri. Zilikuwa visanduku visivyo na spika wala kitufe: vinanasa mawimbi tu, na programu ya kompyuta ndiyo inayoyageuza kuwa sauti. Kila mfadhili alileta aina yake. Kimoja kinamwaga mawimbi kama bomba, kingine kwa ndoo. Ukikiamrisha kimoja kwa namna ya mwenzake, kinanuna. Sasa fundi wa programu, Gerwazi, alikuwa na tabia moja ya kuudhi: kikija kisanduku kipya, anaifumua programu nzima na kuishona upya ili kumridhisha mgeni. Vya zamani, vizima kabisa, vinabaki rafuni viziwi.

Masika moja radi ikakiunguza kile kipya. Mlinzi wa juu akaita, akaita, sauti imejaa hewani, wa kuisikia hayupo. Maji yakaja kimya. Yakaling'oa dungu la Bi Skolastika, likaelea naye mpaka nyuma ya kanisa, na walioshuhudia wanaapa kwamba bado alikuwa anafukuza ndege.

Akaingia kituoni anachuruzika matope.

"Asumpta! Nilikuzaa ili unizamishe?"

"Mama, radi imeunguza redio."

"Na hizi zilizopangwa rafuni ni sufuria?"

Asumpta akamgeukia Gerwazi. "Mjibu."

"Ni nzima, mkuu. Ila programu haizijui. Itabidi niandike upya—"

"Upya! Kila siku upya!" Asumpta akafoka. "Kwenu akija mgeni Mmakonde, ukoo mzima mnaacha lugha yenu?"

"Hapana, lakini kila redio ina—"

"Ina lugha yake, nimesikia! Basi ije na mkalimani wake! Programu iseme lugha moja tu: amka, shika masafa haya, nipe mawimbi. Mkalimani wa kila kisanduku akiambie chake kwa namna kinavyoelewa. Nyumba usiiguse tena!"

"Na ukiigusa," Bi Skolastika akadakia, "dunguni utalala wewe."

Gerwazi alinuna, lakini aliandika. Kila kisanduku kikapata mkalimani wake, kijiprogramu kifupi tu, na programu kuu ikaachwa ilivyo.

Masika yaliyofuata Bi Skolastika alikuwa juu ya dungu jipya. Alikuwa amegoma kuhama, maana shamba lile ndilo lililomlisha. Radi, yenye kinyongo chake, ikarudi na kuunguza kisanduku kilichokuwa kazini. Gerwazi akakichomoa, akachomeka kikuukuu kuliko vyote, akamwita mkalimani wake. Redio ikakwaruza, ikakohoa, kisha mlinzi huyo: "Maji! Maji yanakuja!" Rimu iligongwa mpaka ikapasuka.

Bi Skolastika alifika mlimani na kuku kwapani, miguu mikavu, hasira ileile. Chini, dungu lilikuwa linakwenda na maji, safari hii peke yake.

"We Gerwazi, hicho kizee kilichosikia kimetoka nchi gani?"

"Hata sijui, bibi."

"Usijue! Si kina mkalimani wake?"

Basi wajukuu, mkimwona mtu anabomoa nyumba nzima kwa sababu kaja mgeni mmoja, msimbembeleze. Mfokeeni kama Asumpta: mgeni aje na mkalimani wake, mwenye nyumba habadili lugha.