Ngiri Aliyeshusha Mkia

Paukwa.

Pakawa.

Hiyo ni pakawa ya watu waliokula kweli? Itikieni tena. Paukwa.

Pakawa.

Haya. Na ninyi wakubwa mlioegemea ukuta kama magunia, fungueni masikio, maana hii inawahusu kuliko watoto.

Hapo zamani za kale palikuwa na ngiri jike, jina lake Bi Sikitu. Mume hana. Watoto anao wawili, Kombo na Mize. Walikaa kando ya bwawa, na kila kiangazi bwawa lilikauka. Likikauka, wanyama wote huondoka asubuhi moja kwenda mtoni. Na mto uko mbali. Kati ya bwawa na mto ni mbuga tupu. Kichaka hakuna. Shimo hakuna. Unatoka jua linachomoza, unafika jua liko utosini, kama unafika.

Katikati ya mbuga wanakaa mbwa mwitu.

Mbwa mwitu hana mbio za kutisha. Swala anamwacha mara moja. Lakini mbwa mwitu hachoki. Anakufuata tu. Tu-tu-tu-tu. Ukisimama kuhema, hana haraka, anakuja tu. Kiangazi kilichopita mume wa Bi Sikitu alisimama kuhema. Ndiyo maana nimesema mume hana.

Basi Bi Sikitu akalitazama bwawa. Tope limeanza kupasuka pembeni. Akahesabu: siku arobaini, zikizidi sana. Akawatazama watoto wake, miguu mifupi kama vigingi.

"Kombo, Mize, kuanzia kesho tunakimbia."

Jirani yao alikuwa Swala. Kijana, miguu mirefu, maneno marefu zaidi. Yeye ndiye aliyejifanya mwalimu wa mbio pale bwawani.

"Mama Kombo," akasema, "mazoezi ni kila siku, na kila siku ni kufa na kupona. Kama hukuona nyota mchana, hukukimbia."

Na ngiri mnamjua. Akikimbia kwa nguvu, mkia unasimama wima kama ufito. Akienda taratibu, mkia unalala. Basi bwawa zima likawa linatazama mikia. Mkia juu, wanasema, "Huyo leo kakimbia." Mkia chini, wanasema, "Vipi, mnakwenda matangani?"

Bi Sikitu akaona haya. Siku ya kwanza akakimbia mkia juu. Pu-pu-pu-pu, vumbi tifu. Siku ya pili mkia juu. Siku ya tatu mkia juu. Ya nne, ya tano, ya sita, mkia juu. Siku ya kumi na mbili akaishiwa nguvu kabla ya kufika kwenye kichuguu cha njiani. Na kichuguu hichohicho siku ya kwanza alikipita anacheka. Mguu wa nyuma unamuuma. Kombo anakohoa. Mize hali chakula.

"Swala, mbona tunarudi nyuma?"

"Kwa sababu mnakimbia kidogo. Ongezeni."

"Na wewe mbona unachechemea?"

"Hizi ni nguvu zinaingia, Mama Kombo."

Nguvu gani hizo zinazoingia kwa kuchechemea?

Kesho yake Bi Sikitu akawapeleka watoto pembeni mwa mbuga kuchimbua mizizi. Mara akasikia. Tu-tu-tu-tu. Mbwa mwitu. Palikuwa na shimo la zamani la muhanga, yule mnyama mchimba mchwa. Akawasukuma watoto ndani, naye akaingia kinyumenyume, kama ngiri wanavyoingia, pembe za mdomo zikitazama nje. Akabana pumzi.

Mbwa mwitu wakapita juu yake. Wanakimbia na wanapiga soga.

"Basi yule wifi yangu," anasema mmoja, "akalalia ini. Namwambia inuka, ananiambia yeye ini hajaliona."

"Na mdomo umejaa ini," anasema mwingine.

Wakacheka. Wanakimbia na wanacheka. Mara mmoja akachomoka mbele kwa kishindo. Jike wao mkubwa akamkemea, "Wewe, rudi. Unakwenda wapi?"

"Nanyoosha miguu, shangazi."

"Niambie jana uliota nini."

"Niliota... nili..." Pumzi hana.

"Umeona? Juzi tulikimbiza, keshokutwa tutakimbiza tena. Leo unakwenda unasema. Ukishindwa kusema, punguza."

Tu-tu-tu-tu. Wakaenda zao na habari za ini.

Bi Sikitu akabaki shimoni. Meno yao alikuwa ameyazoea. Kilichomtisha ni kwamba hakuna aliyekuwa anahema.

Tangu kesho yake akakimbia mkia chini. Akawatungia watoto wimbo. Yeye anasema, "Maji yapo mbele," wao wanaitikia, "Twende." "Hatujayafikia," "Twende." Sauti ya mmoja ikikatika, wote wanapunguza. Siku nne mkia chini. Siku ya tano mkia juu, mbio fupi ya kwenda na kurudi, mara sita, basi. Halafu nne tena chini.

"Mama Kombo," Swala anamwita mbele za watu, "mkia umekatika uzi?"

Bwawa zima likacheka. Bi Sikitu akaendelea kuimba, lakini ndani hana amani. Labda nilisikia vibaya. Labda ya mbwa ni ya mbwa, na ngiri ni ngiri. Labda ninawaua wanangu kwa uvivu wangu mwenyewe. Kila asubuhi mkia ulitaka kuinuka, na kila asubuhi aliulaza kwa nguvu. Siku ya ishirini akakipita kichuguu. Siku ya thelathini akakipita anaimba. Bado usingizi hauji.

Ikafika siku ambayo bwawa lina maji ya kulowesha ukwato mmoja. Wanyama wakaondoka. Swala mbele, anaruka, ameufunga mguu unaomuuma kwa majani. Wote wakampita Bi Sikitu, hata Pofu, mnyama mzito kama ng'ombe, na tumbo lake. Akawa wa mwisho.

"Maji yapo mbele."

"Twende."

"Hatujayafikia."

"Twende."

Tu-tu-tu-tu. Nyuma yake.

"Nani yule wa mwisho?"

"Ngiri, na vitoto viwili."

"Atasimama. Yule wa mwaka jana alisimama hapahapa."

Bi Sikitu alisikia. Hapahapa. Mkia ukataka kupanda. Akauma meno, akaimba. "Maji yapo mbele." Akaitika Kombo peke yake.

Sauti ya Mize haipo.

Sasa niambieni ninyi, mbwa wako nyuma yako, mtoto hana pumzi, utapunguza? Bi Sikitu akapunguza. Ngozi ya mgongo inamcheza, akapunguza. Hatua kumi. Hatua ishirini. Mbwa wanasogea. Hatua thelathini.

"Twende," akasema Mize, kwa sauti ndogo.

Wakaenda.

Mbele wakamkuta Swala. Amesimama, miguu kaitanua, povu mdomoni.

"Tembea, Swala," akasema Bi Sikitu. "Usisimame. Tembea tu."

"Navuta pumzi kidogo, Mama Kombo. Kidogo tu."

Sitawaficha. Swala aliliwa. Nusu ya mbwa walibaki hapo. Nusu wakaendelea, na jike mkubwa mbele yao, wameongeza mwendo.

Miti ya mto ikaonekana. Ukingo ukaonekana. Shimo kwenye ukingo likaonekana. Tu-tu-tu-tu ikawa karibu, ikawa kisiginoni.

"Wanangu," akasema Bi Sikitu, "mkia."

Mikia mitatu ikasimama. Pu-pu-pu-pu-pu. Nguvu walizokuwa wameziweka siku zote zile, wakazitoa pale. Kombo ndani. Mize ndani. Bi Sikitu akageuka, akaingia kinyumenyume, na meno ya mbwa yakafunga, kacha, juu ya vumbi.

Jike mkubwa akachungulia. Mbavu zinapanda na kushuka.

Bi Sikitu akamtazama kutoka gizani. "Shangazi, jana uliota nini?"

Mbwa akafungua mdomo. Ikatoka pumzi tu. Neno halikutoka, akageuka akaondoka na wenzake.

Basi, ninyi mnaotoka kila alfajiri mnakimbia kama mmeiba, mnarudi mnachechemea ili jirani awaone, mmesikia. Siku nyingi kimbia taratibu, uweze kusema. Siku chache kimbia kwa nguvu. Anayejimaliza kila siku kwenye mazoezi, siku yenyewe ikifika anakwenda na miguu iliyokwisha.

Hadithi yangu imefika mtoni, imeingia shimoni kinyumenyume, imeishia humo.