Baba Aliyeipita Bahari

Wapendwa, ni nani hapa amewahi kusafiri na watoto wadogo ndani ya gari kutwa nzima? Nyosheni mikono niwaone. Haya, shusheni. Poleni sana.

Basi palikuwa na baba mmoja huko milimani Upareni, fundi wa mitambo, mtu wa zamu. Miaka miwili alikuwa akimwahidi binti yake, Tumsifu, kwamba atampeleka akaione bahari. Mwishowe ruhusa ikapatikana: siku moja. Kesho yake zamu, na wiki ile ile kazi ingempeleka mgodini, mbali, kurudi haijulikani lini. Akaazima gari la shemeji yake, akampakia mkewe, Tumsifu wa miaka saba na mdogo wake wa miaka minne, wakaondoka giza bado.

Sasa, mwenzake kazini alikuwa amemwonyesha picha kwenye simu: ufukwe mweupe, ngazi za mawe, maji yanagonga ngazi. Huyu baba akajiapiza kwamba wanawe wataionea bahari pale pale, si kwingine.

Saa moja na nusu wakashika barabara ya pwani. Jamani! Kushoto bahari imejaa, inang'aa, povu linaruka karibu na njia. Mnadhani watoto walikaa?

"Baba, bahari! Simama!" Tumsifu huyo, kasimama juu ya kiti.

"Kaa chini. Hiyo bado. Tunakokwenda ndiko kwenyewe."

"Niiguse kidogo tu, baba!"

"Utaigusa tukifika. Kwani inakwenda wapi?"

Safari nzima ikawa hivyo. Mdogo anataka kukojoa, baba anasimama bila kuzima gari, tena upande wa vichaka, "Haraka, haraka!" Mdogo hataki kurudi ndani, anabebwa huku anapiga mateke. Biskuti zimemwagika, huyu kamfinya yule, yule kaangua kilio. Mkewe akamwambia, "Baba Tumsifu, tusimame hata dakika kumi. Watoto wamechoka."

"Ukisimama kila mahali, mama, hufiki popote." Akakanyaga mafuta.

Nawauliza, huyu alikuwa baba mbaya? Hata kidogo! Alikuwa anawatafutia wanawe kitu kizuri zaidi. Na hapo ndipo panaponiuma. Angekuwa mlevi, mfano huu ungekuwa wa watu wengine, nami ningelala usingizi mzuri.

Saa tano wakafika. Ngazi zile zile za kwenye picha. Baba akafungua mlango kwa madaha: "Haya, teremkeni! Bahari hiyo!"

Hapakuwa na bahari. Palikuwa na matope, na kaa wanakimbilia mashimoni, na maji yenyewe huko mbali kabisa, mstari mwembamba tu. Mtu wa milimani hajui kupwa na kujaa. Anadhani bahari ni kama mlima, ukienda utaikuta palepale.

Mama mmoja alikuwa anatoka kuvuna mwani, kikapu kichwani. Baba akamuuliza kwa ukali, utadhani yeye ndiye aliyeyaficha maji, "Mama, maji yako wapi?"

"Yamekupwa, mwanangu. Asubuhi yalijaa mpaka karibu na barabara. Kwani hamkupita huko?"

"Yanarudi saa ngapi?"

"Jioni, kwenye saa kumi na moja."

Na wao saa nane lazima wawe njiani. Baba akaketi kwenye ngazi, machozi yakamtoka mbele ya watoto wake. "Nisamehe, mwanangu. Sikukuonyesha bahari."

Tumsifu akamshangaa. "Mimi nimeiona, baba, njia nzima. Nilikuwa nakuita ili na wewe uione."

 

Ni sisi hao, wapendwa. Nikimaliza nyumba. Nikipandishwa cheo. Wakimaliza shule, ndipo tutakaa, tutacheka, tutaomba pamoja. Najua mtaniambia, "Mchungaji, Mungu haendi popote, tutamkuta." Ni kweli, haendi popote. Lakini mtoto wa miaka saba anakwenda! Mwakani ana minane, na hatakuita tena kwa sauti ile. Mama yako mzazi anakwenda. Na huyo Mungu unayesema utamkuta mbele, unadhani ni nani aliyewatuma hawa wakuite?

Nilikuwa na hoja mbili zaidi, nimeziandika hapa. Naziacha. Nyumbani kwako kuna mtu amejaribu wiki nzima kukuambia jambo, nawe ukamjibu, "Baadaye." Simameni tupokee baraka, halafu nenda ukamuulize alikuwa anasema nini.