Ndugu Mpya wa Bi Mwanamvua

Bwana Kasiano, tajiri wa mahoteli, alifika Kiweni na tingatinga. Alitaka shamba la ukoo wa Bi Mwanamvua, avunje makaburi ya mababu achimbe bwawa la kuogelea.

"Ardhi hii haitoki nje ya ukoo, baba," alisema bibi.

"Basi niingizeni kwenye ukoo!"

Bibi akamwapisha mbele ya kijiji kizima kwamba atashika mila zote. Wanawake wakapiga vigelegele, wakamvisha kanga. Hapo hapo tajiri akatoa hati ya mauzo.

"Mila ya kwanza, mwanangu: ardhi yetu haiuzwi, hata kwa ndugu."

Tajiri akaikunja hati yake. "Na ya pili?"

Bibi akamkabidhi jembe.

"Aliyeingia mwisho ndiye anayepalilia makaburi."