Kisu cha Luhwago

Mwanzi hugemwa na aliyepo. Ndivyo alivyosema yule mama wa kilabuni, nanyi mkacheka mkidhani anasifia pombe yake. Hakuwa anasifia pombe. Sogeeni hapa barazani, mvua hii haina haraka na mimi leo sina pa kwenda. Na wewe Chusi, uliyeambiwa na afande uchague, kubaki mgambo au kuingia jeshi la kudumu, kaa karibu zaidi.

Methali hii ilianzia kwa mtu niliyemfahamu. Ilikuwa hivi.

Huko juu Uheheni, kwenye kijiji cha baridi na ukungu, palikuwa na kijana akiitwa Luhwago. Alikuwa na mke, Yustina, na binti mdogo, Ezelina, ambaye ndiyo kwanza anaanza kutembea. Alikuwa na shamba la mianzi, na alikuwa mgambo. Jumamosi anapiga kwata kiwanja cha shule, zamu ikimfikia analinda daraja, kisha anarudi kwake. Vijana wa kijijini walimtania. "Afande wa mbuzi! Leo umekamata mbuzi wangapi?" Alicheka nao, lakini hakupenda.

Nyinyi ulanzi, hiyo pombe ya mwanzi, mnaujua ukiwa kwenye kikombe. Mgemaji anaujua vingine. Msimu wa mvua mwanzi mchanga unachongwa ncha, unafungiwa mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, na maji yanadondoka humo. Asubuhi uuchonge tena, jioni uuchonge tena. Usipokwenda, kidonda kinafunga, na mwanzi huo ndiyo basi. Kwa hiyo mgemaji halali ugenini wakati wa masika. Akilazimika kusafiri, anamkabidhi mtu kisu chake. Kisu kikitoka mkononi mwa mwenyewe kwa hiari, aliyekipokea anagema bila kuitwa mwizi. Ndiyo desturi yao.

Masika moja likaja lori la jeshi. Maofisa wakawatazama mgambo wakikimbia kwenye matope, wakamtaka Luhwago na rafiki yake Kihwele. Kihwele akapimwa akaonekana ana mguu mmoja mbovu, akaachwa. Luhwago akaambiwa, "Lori linaondoka kesho asubuhi. Ukipanda, wewe ni askari kweli, kula na kulala ni kwetu. Usipopanda, endelea na daraja lako."

Jioni ile Yustina akamuuliza, "Mgambo si askari? Juzi mto ulipofurika nani aliwavusha watoto?"

"Mgambo ni askari wa Jumamosi, mama Ezelina. Nataka kuwa askari wa siku zote."

"Na sisi tutakuwa wako wa siku gani?"

Luhwago akachukua kisu. Alikwenda kuchonga mianzi yake.

Asubuhi Kihwele alimkuta njiani na kifurushi, akanyoosha mkono. "Haya kaka, nipe kisu nikushikie msimu."

Luhwago akasita. Nadhani aliona kwamba akikitoa kisu, ameondoka kweli. Akakitia mfukoni. "Nitarudi likizo, nitaendelea mwenyewe. Wasiguse." Akapitia shambani, akafunga fundo la nyasi kwenye kila mwanzi, alama ya kukataza, akapanda lori.

Mianzi ililia siku chache, ikakauka, mbeta zikajaa majani na wadudu. Yustina alitazama mafundo yale msimu mzima bila kuyagusa, akaenda kulima vibarua kwa watu. Msimu uliofuata ikachipua mianzi mipya, isiyo na fundo. Akamwita Kihwele mbele ya wazee wa kitongoji. "Shemeji, mwanangu anahitaji chumvi na nguo. Tafuta kisu chako." Kihwele akachechemea kwa mhunzi, akapata kisu, akaanza kuchonga, na kila jioni alileta fungu la Yustina, akaliweka mlangoni, akaenda kwake. Hakuvuka kizingiti. Hilo mliweke akilini, maana mnaanza kutabasamu.

Likizo zikawa zinaahirishwa. Mara mpakani kuna vurugu, mara kozi, mara amehamishwa kambi. Luhwago alipokuja kufika nyumbani, Ezelina alikuwa binti wa kuchota maji.

Alisimama uani na buti zake zinang'aa. Ezelina akapiga goti.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Mama yupo?"

"Yuko shamba. Karibu uketi."

Akamletea kigoda. Akamletea ulanzi mtamu wa siku hiyo. Kisha, kabla ya kumpa, akainamisha kikombe akaonja yeye kwanza, akampa kwa mikono miwili.

Kwao huonjewa mgeni. Anaonyeshwa kwamba kinywaji hakina sumu. Mwenye nyumba haonjewi, anakunywa tu.

Luhwago akashika kikombe, hakunywa. "Wewe, unanijua mimi ni nani?"

Binti akamtazama kwa adabu. "Bado, afande. Mama atakujua."

Yustina alikuja, akalia, akapika. Kihwele naye akaja, kofia mkononi. "Kaka, mianzi yako hiyo. Nilikushikia tu. Kesho shika mwenyewe."

Asubuhi Luhwago akaenda na kisu chake cha zamani. Mianzi yote ilikuwa na mchongo wa mkono mwingine, umelala upande asiouzoea. Akachonga siku zote za likizo yake, asubuhi na jioni, na Ezelina akimfuata nyuma akibeba mbeta. Siku ya mwisho binti akamuuliza, "Baba, jioni nani atachonga?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita baba.

Akamwita Kihwele, akampa kisu mbele ya mkewe na mwanawe. "Mwanzi hugemwa na aliyepo," akasema. Kihwele akakipokea kwa mikono miwili. Yustina akamsindikiza mumewe mpaka barabarani.

Miaka mingi baadaye mimi katika kuzunguka kwangu nilifika kambi moja ya mpakani, nikiuza viatu vya mitumba. Nikamkuta, sajenti, ameheshimika, mvi kichwani. Alinisimulia haya tukiwa tumekaa kwenye magunia ya mchanga. Hakusema anajuta, wala hakusema hajuti. Mpaka ule ulikuwa shwari, na kuna watu waliolala kwa amani kwa sababu yeye yupo pale. Lakini jua lilipoanza kushuka aliacha kuzungumza, akainuka, mkono wake ukaingia mfukoni ukatafuta kitu, ukatoka mtupu. Akakaa tena.

Basi Chusi, sikuambii panda lori, sikuambii baki. Ukibaki, usiwaonee wivu wenye buti. Ukienda, usifunge mafundo nyuma yako, mkabidhi mtu kisu ungali unatazamwa. Kwa maana popote utakapokuwa, kule ambako hupo jioni itafika, na mwanzi hugemwa na aliyepo.