Ukuta wa Kezia

Ukuta hukua ukilala. Asubuhi mmemsikia mjomba wenu akimwambia hivyo fundi wake, nanyi mmecheka, mkaniuliza ukuta unalalaje. Sogeeni basi, niwaeleze neno hilo lilikotoka.

Wahamiaji wa mwanzo walipofyeka msitu huku kwetu, kusini mwa Ziwa Ontario, waliikuta ardhi imejaa mawe ya mviringo, laini kama mayai ya bata. Kila walipolima, plau iligonga jiwe. Mwishowe wakaamua kuyatumia kujenga nyumba.

Miongoni mwao alikuwa Kezia, mke wa Asaheli. Waliishi katika kibanda cha magogo ambacho upepo ulipenya kila upande, na humo baridi ya Januari ilimwondoa binti yao kabla hajatimiza mwaka. Theluji ilipoyeyuka, Kezia alikuwa mjamzito tena. Akamwambia mumewe, "Mtoto huyu hatazaliwa humu."

Wakamwita Mzee Barzilai, fundi wa mawe. Kazi ya kuokota mawe akaichukua Kezia mwenyewe. Alfajiri, ukungu ukiwa umelifunika ziwa hata maji na mbingu havijulikani mpaka, alitembea ufukweni akiinama na kuinuka. Kila jiwe alilipitisha kwenye tundu la ubao ili yote yalingane ukubwa, lisilopita akaliacha. Siku nyingine alihisi kama anatembea ndani ya ndoto, na mahali fulani ndani ya ukungu mtoto anacheka. Alipenda kuwa huko. Nyumbani hakuwa na raha, wala usingizi haukumjia.

Jambo moja lilimuudhi. Mzee Barzilai alipanga safu tatu tu za upande mmoja kwa siku, kisha akaosha mwiko wake wa kupakia chokaa na kwenda zake, jua lingali juu. Agosti ikaishia kwenye msingi, Septemba ikaingia, na ukuta ulikuwa haujamfika Kezia kifuani.

Siku moja mzee alikwenda kumzika ndugu yake, na Asaheli alikuwa shambani akivuna. Kezia akakoroga chokaa na mchanga, akaanza kupanga. Safu ya kwanza, ya pili, ya tano. Mawe yalimtii, na mikono yake ikawa myepesi. Kufika alasiri alikuwa amepanga safu tisa, akaketi chini ya ukuta kupumzika. Mchanga kidogo ukamwangukia begani. Alipotazama juu, aliona ukuta umefura kama tumbo. Akajitupa pembeni, na mawe yakaporomoka pale pale alipokuwa ameketi.

Mzee Barzilai alimkuta kesho yake akiyachambua mawe yale, uso umemvimba kwa kulia.

"Umeumia, binti yangu?"

"Sikuumia. Nimekuharibia kazi, mzee."

"Kazi hurudiwa. Nani alikuwa akikukimbiza hivyo?"

"Baridi," alisema Kezia. "Inakuja. Nami nilimwahidi huyu." Akashika tumbo.

Mzee akaokota jiwe, akalifuta chokaa kwa kidole gumba. "Jiwe la mviringo halina pa kujishikia. Linashikwa na chokaa, na chokaa hushika ikiachwa ikauke. Wewe unadhani ukuta hukua ninapoupanga. Hukua ukilala." Akamtazama macho yake mekundu. "Wewe ulilala lini?"

Kezia akayainamia mawe yake tena.

"Nyumba hii haitaisha mwaka huu," alisema mzee. "Hata bila ya jana isingeisha, nami nilikosa kutokuambia mapema. Lakini kwangu kuna chumba kilicho karibu na jiko, na mke wangu amezalisha nusu ya bonde hili. Hamieni kwetu."

Wakafunika ukuta uliobaki kwa majani makavu, wakahamia kwa mzee. Kezia alilala siku mbili mfululizo, na katika usingizi huo alimlilia binti yake kwa mara ya kwanza. Desemba akajifungua mtoto wa kiume, mzima.

Majira ya kuchipua yalipofika waliufunua ukuta, wakaukuta mgumu kama mwamba. Mzee Barzilai akapanga safu tatu, akaanza kuosha mwiko.

"Leo jua ni kali, mzee," Asaheli alisema. "Huwezi kuongeza moja?"

Mzee alikuwa bado hajafungua kinywa. Aliyejibu ni Kezia, ameketi kivulini, mtoto amemlalia kifuani.

"Mwache, mume wangu," alisema kwa sauti ya chini, asije akamwamsha. "Ukuta hukua ukilala."