Siwa ya Mwana Mize

Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana kisa hiki nikikianza sisimami, na mwisho wake nitawabebesha ninyi.

Enzi zile Wareno walipoanza kuitishia pwani kwa mizinga, mji wa Chongweni ulikuwa na watu watatu wenye vipaji. Shekue, fundi wa milango, aliingia nyumba na kutoka bila kusikika hata na paka. Mwenye Chande alikuwa na kifua cha kupuliza siwa, ile pembe kubwa ya ndovu. Wengine wakijaribu, hutoka pumzi tu. Na Somoe, mjakazi wa jumba, aliiga sauti ya mtu yeyote hata mamake mtu akadanganyika.

Wote walimtumikia Malkia Mwana Mize, aliyefiwa na mumewe karibuni. Alikuwa ndani anakaa eda, haonekani na wanaume wa nje, na mwanawe, mrithi wa kiti, hata kusema vizuri hajaanza. Shemeji yake, Fumo Madi, akaichukua siwa akaifungia kwake. Desturi ya Chongweni ilikuwa hivi: siwa ikilia mlangoni pa mtu, naye akaitikia, "Nipo, na mji upo," huyo ndiye mtawala. Fumo Madi alitangaza kwamba ataitikia baada ya sala ya Ijumaa.

Mwana Mize alijua kwamba baada ya hapo mwanawe hataachwa hai. Tena kilio cha msiba kilikuwa kimemkausha sauti. Akifungua kinywa, hakitoki kitu.

Ijumaa, watu wakiwa msikitini, Shekue aliingia kwa Fumo Madi mchana kweupe, walinzi wamesimama mlangoni, akaitoa siwa kwa dirisha la nyuma. Angeshikwa, angeuawa papo hapo.

Mwenye Chande alikuwa ameshaonywa kuwa akimpulizia mwingine, atakatwa ulimi. Akaipokea siwa, akasimama mlangoni pa malkia mbele ya watu wote waliokuwa wakitoka msikitini, akapuliza mpaka ukuta ukatetemeka.

Mwana Mize, nyuma ya pazia, akajaribu kuitikia. Wapi! Akamkumbatia mwanawe. Ndipo Somoe, aliyekuwa naye ndani, bila kuamriwa, akasema kwa sauti ya bibi yake: "Nipo, na mji upo." Ingejulikana, kichwa chake kingekuwa cha kwanza kuanguka.

Watu wakashangilia. Fumo Madi akatoroka, na hadi leo hakuna ajuaye aliko.

Sauti ya malkia iliporudi, wazee wa mji wakamtaka ataje mtu mmoja, mmoja tu, wa kumlea mtoto na kuushika mji endapo yeye atakufa mapema. Akawaita wale watatu.

"Bila mimi, siwa ingelia kwa Fumo Madi," alisema Shekue.

"Bila mimi, isingelia kabisa," alisema Mwenye Chande.

Somoe akainama. "Na bila mimi, bibi, ingelia bure."

Kila mmoja alisema kweli, na hilo ndilo lililomtia malkia baridi. Shekue anaweza kuingia chumbani mwa mtoto asisikike. Mwenye Chande anaweza kumpulizia mtu mwingine kesho. Somoe anaweza kutoa amri yoyote, na mji mzima ukaapa kuwa ni malkia aliyesema.

Wazee wako nje ya pazia wanasubiri jina. Mtoto amemlalia mama yake mapajani, hana habari.

Je, wewe ungemkabidhi nani? Na ukishamtaja, ungepata usingizi?