Jumbe Nyani Aliyekataa Kulala Majini

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ya wenye masikio. Nanyi mliokuja na makuu yenu, yaacheni pale penye viatu.

Hapo zamani za kale Pweza alitaga mayai. Akayaning'iniza darini mwa pango lake, mafungu mafungu, kama shanga. Hali, halali. Kazi yake ni kuyapulizia maji safi, fuu, fuu. Vumbi likiyagandia hayapumui. Yasipopumua, basi tena.

Juu, kwenye mikoko, alikaa Jumbe Nyani. Huyu alikuwa na neno moja: "Jumbe hainami." Akila, kasimama. Akisinzia, kaegemea mti. Siku hiyo akawatangazia raia zake, "Nchi yangu inafika hadi chini ya bahari. Nakwenda kuikagua."

Nani alimpa? Msiniulize mimi.

Akajifunga mkanda wa mawe kiunoni ili azame. Kibuyu cha pumzi akakifunga juu ya mkia, na utete wa kuvutia pumzi mdomoni. Kasa ndiye wa kumwongoza.

"Jumbe," akasema Kasa, "huko hatusimami. Pandisha mawe kifuani, mwili ukae sawa. Lala kifudifudi, kunja magoti."

"Nilale? Mbele ya raia?"

"Raia wanabaki juu."

"Wana macho!"

Akashuka wima kama mlingoti. Mawe yakamvuta miguu. Akapiga teke, tifu! Mchanga ukapanda. Akapiga jingine, tifu! Bahari ikawa uji.

Pweza akachungulia. "Wee! Nani anayenifagilia uwanja sijamwomba?"

Nyani akatoa utete. "Ni Jumbe! Nakagua!" Pumzi zikamtoka, blu blu blu.

"Unakagua nini nawe huoni? Lala, mwanangu, nina mayai!"

"Jumbe hainami!" Blu blu. Tifu!

Vumbi likaingia pangoni. Pweza akapuliza, fuu. Tifu! Fuu. Tifu! Fungu la mbele likageuka rangi ya majivu. Atoke amfukuze? Samaki watayala. Akae? Vumbi litayamaliza.

Basi akanyoosha mkono mmoja. Saba ikabaki inalinda. Akaukamata ule mkanda wa mawe, akausukuma juu, hadi kifuani.

Nyani akalala. Miguu ikapanda, kichwa kikashuka, akaelea sawa kama jani. Mchanga ukatua. Maji yakang'aa. Akayaona mayai, na ndani ya kila yai macho mawili madogo yakimtazama.

"Umeona?" akasema Pweza. "Kaa hivyo hivyo, urudi kwenu."

Mwenye akili angerudi. Jumbe alijitazama tu, akajiona kalala. "Aibu!" Akajipindua asimame, kichwa kikaenda chini. Mkanda ukamtoka kichwani, mawe yakaanguka, pu! Kibuyu kikamvuta kwa nyuma, kikampandisha mbio. Chubwi! Akatokea juu matako mbele, mekundu, yakiwaelekea raia zake.

Kisha bibi mmoja akauliza, "Jumbe, ndiyo salamu ya huko chini?"

Chini, Pweza akaendelea, fuu, fuu. Mayai yakapasuka, watoto wakatoka. Fungu la mbele halikupasuka.

Ukiingia kwa wenzio, kaa wanavyokaa. Fahari yako ni vumbi machoni pako, lakini kwa jirani ni msiba.

Hadithi yangu naitua hapa. Mwenye kusimama na asimame, ila atazame anakanyaga nini.